Uliza Fundi wa Baiskeli: "Goti linauma, nikaambiwa nitazoea"

Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, Septemba 2025, mara ya kwanza kwa bara letu, barua zinazonifikia hapa karakana Kijenge, Arusha, zimebadilika. Zamani ilikuwa cheni inaruka, rimu imepinda, beringi zimekufa. Sasa watu wananunua resi mpya na wanaandika kuhusu miili yao: goti, mgongo, viganja, makalio. Nafurahi, kwa sababu hayo ndiyo maswali yaliyokuwa yakifichwa. Mwezi huu nina barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa wengi wenu mmo ndani yake.

Fundi, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Arusha, miaka 34, urefu sentimita 168. Baada ya kudunduliza mwaka mzima nilinunua baiskeli ya resi mpya kabisa, fremu ya alumini saizi 54. Siku za mapumziko natoka mjini mpaka Usa River na kurudi. Wakati wa kurudi, nikifika Tengeru, goti la kulia linaanza kuuma kwa mbele, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi. Kesho yake nikishika sindano kazini naona bado havijarudi sawa. Kiti nimekiinamisha pua kwa kuwa kilikuwa kinanibana. Dukani waliniambia ndivyo resi zilivyo, nitazoea. Nimenyonga miezi mitatu, sijazoea. Je, nimenunua baiskeli mbaya?
*Muuguzi, Arusha*

Marahaba, mdogo wangu, na pole na zamu. Baiskeli yako si mbaya. Saizi 54 kwa mtu wa sentimita 168 inakaa, ingawa imeegemea upande wa ukubwa. Tatizo ni kwamba ulikabidhiwa kama mtu anavyokabidhiwa viatu ndani ya boksi: chukua, nenda, utazoea.

Neno hilo nalijua. Mwaka 2003 nilinunua resi yangu ya kwanza na muuzaji aliniambia hivyo hivyo. Nikavumilia mpaka nikawa nashuka ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja. Nilikaa miezi minne bila kunyonga ndipo goti likatulia, na baridi ya Julai ikiingia bado linanikumbusha. Mwili huzoea kazi: pumzi hupatikana, mapaja hukomaa, makalio hukakamaa. Kipimo kibaya hauzoei, unaendelea kuumia tu. Kwa hiyo mtu akikwambia utazoea, muulize unazoea nini.

Kabla ya kukujibu nilikuomba vipimo vitatu, nawe ukanitumia. Kutoka msamba hadi sakafuni, sentimita 79. Kutoka katikati ya krenki, yaani ile mikono inayoshika pedali, pale inapopita ekseli, hadi juu ya kiti kwa kufuata bomba, sentimita 64. Stemu, yaani kile kipande kinachoshika usukani, milimita 110.

Wasomaji wengine mnaotaka kujipima msamba: vua viatu, egemea ukuta, miguu iachane kiasi cha kiganja na nusu. Chukua kitabu chembamba chenye jalada gumu, kipachike katikati ya mapaja uti wake ukiwa juu, kivute mpaka kikubane kama kiti kinavyobana. Mwenzako apige alama ya penseli ukutani, kisha pima hadi sakafuni. Rudia mara tatu, maana mara ya kwanza kila mtu huona aibu na kukivuta nusunusu, na hapo tayari umepoteza sentimita nzima.

Sasa 79 zidisha kwa 0.883. Unapata 69.8 kwa kukadiria. Hesabu hii imejulikana kwa jina la Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, ambaye alikuwa chini ya kocha Mfaransa, Cyrille Guimard. Si amri ya Mungu, lakini kwa mtu asiye na pa kuanzia, inamshinda muuzaji anayekukadiria kwa macho. Kiti chako kiko 64. Uko chini karibu sentimita 6.

Sishangai wala sikulaumu. Sisi tulijifunza kwenye Phoenix, na zile ambazo Wakenya wanaziita black mamba. Utotoni ulipenyeza mguu chini ya bomba la juu kwa kuwa kiti hukifikii. Ulipokua ukakishusha kiti mpaka miguu yote miwili ikanyage chini ukiwa umekaa. Kwa mtu anayebeba abiria au gunia la mkaa hiyo ni akili kabisa, maana lazima asimame ghafla bila kuangusha mzigo. Lakini kwenye resi unanyonga mizunguko 80 kwa dakika, saa mbili mfululizo. Hiyo ni mara 9,600 kwa kila mguu. Kiti kikiwa chini, kila pedali inapofika juu goti linakunjwa kupita kiasi, na kifuniko chake kinagandamizwa kwenye mfupa wa paja. Wewe ni mtu wa hospitali, huhitaji nikuchoree picha. Na ndiyo maana linaanza Tengeru: kutoka Usa River kurudi mjini ni kupanda, unakanyaga kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo kabla hujapandisha kiti, jifunze kushuka. Kiti kikiwa mahali pake, ukikaa hutafika chini kwa nyayo zote mbili, na usijaribu. Ukikaribia kusimama, acha mguu mmoja chini kabisa kwenye pedali, simama juu ya mguu huo, yasogeze makalio mbele ya kiti, kisha ilaze baiskeli kidogo upande wa pili na uguse ardhi kwa mguu wa pili. Makalio yako mbele ya kiti, bomba la juu liko katikati ya mapaja. Rudia mara 20 kwenye uwanja mtupu. Nimemfundisha mzee wa miaka 61, jioni moja tu akaweza. Hofu ya kutogusa chini ndiyo inayoharibu magoti mengi mjini hapa.

Ukishaweza hilo, zungushia bomba la kiti tepu nyeusi ya umeme, pale pale linapoingia kwenye fremu. Hiyo ndiyo alama yako ya nyumbani. Ukipotea utarudi hapo. Legeza bolti, pandisha sentimita 2 siku hiyo, maana uko chini mno. Baada ya hapo panda milimita 5 kila baada ya safari mbili. Misuli ya nyuma ya paja imeishi miezi mitatu ikiwa imejikunja, ukiinyoosha kwa siku moja utaniandikia barua nyingine. Na angalia mstari uliochorwa kwenye bomba la kiti, ule wa kikomo: usionekane nje ya fremu hata siku moja. Kwa urefu wako hautaonekana.

Ukifika 69, simamisha hesabu, usikilize mguu. Shika fremu ya mlango, vaa viatu unavyonyongea, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kushuka upande huo. Ukirudisha kidole gumba na uvimbe wake juu ya ekseli ya pedali, goti litabaki limekunjika kidogo. Kisha mwenzako akufuate kwa pikipiki au baiskeli, atazame mkanda wa suruali yako kwa nyuma. Kiuno kikiyumba kushoto na kulia kama mashua, umezidisha; shusha milimita 3. Goti likiuma kwa mbele, bado uko chini. Likianza kuuma kwa nyuma, pale kwenye mkunjo, umepita juu.

Sasa vidole. Hapa nataka uone jinsi maumivu yanavyozaliwa mahali pengine kabisa. Kiti kikiwa chini, miguu haibebi uzito, kwa hiyo uzito wote umekaa msambani. Ukabanwa. Ukainamisha pua. Ukianza kunyonga unateleza mbele, kwa hiyo unajizuia kwa mikono, saa mbili nzima. Kiganja kinagandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole cha mwisho na jirani yake, ule ule unaokupiga shoti ukigonga kiwiko. Umebadilisha glavu, uliniambia, ukaongeza utepe wa usukani. Dawa ilikuwa kwenye kiti.

Mwazime mwashi pima maji. Weka baiskeli sakafu iliyo sawa, weka kitabu kigumu juu ya kiti na pima maji juu ya kitabu. Povu likae katikati. Ukihitaji kuinamisha pua, iwe kwa kiasi ambacho povu linagusa mstari tu, si zaidi. Ukishapandisha kiti, msamba utapumua wenyewe.

Ukiwa na mwashi bado, mwazime na timazi. Kaa kwenye baiskeli umeegemea ukuta, krenki zote mbili zilale sawa na sakafu, mguu wa kulia mbele. Uzi uanzie kwenye kile kinundu cha mfupa chini ya kifuniko cha goti. Uzito unapaswa kuning'inia karibu na ekseli ya pedali. Ukiangukia mbele sana, rudisha kiti nyuma kwenye reli zake. Ukiangukia nyuma, kilete mbele. Zamani niliamini kipimo hiki kama msumeno. Leo nakitumia kama pa kuanzia, maana nimeona watu wenye mapaja marefu wakiwa na raha uzi ukiwa sentimita nzima nyuma ya ekseli. Kumbuka tu kwamba ukirudisha kiti nyuma sentimita 1, umekipandisha pia, kwa hiyo shusha milimita 3.

Stemu usiiguse wiki tatu. Nasema hivyo kwa sababu kila mtu hukimbilia usukani kwanza, na usukani ndio wa mwisho: ukisogeza kiti umesogeza umbali wa mikono. Wapo wanaopima kwa kuweka kiwiko kwenye pua ya kiti na kunyoosha vidole vifike usukani. Mimi siutumii mtindo huo. Mkono hauambii chochote kuhusu mgongo wako unavyojikunja. Jipime hivi: ukiwa barabarani, mikono juu ya vishikio vya breki, nyanyua viganja kidogo bila kubadilisha mkao. Ukiweza kukaa hivyo sekunde chache bila kuanguka mbele, umbali uko sawa. Viwiko viwe vimelegea, mabega yasipande masikioni. Ukishindwa, na kiti kimeshatulia, tafuta stemu ya milimita 90. Za mtumba zipo, na bei yake ni ndogo kuliko hizo glavu. Usukani wa resi nyingi za leo una unene wa milimita 31.8 pale unaposhikwa, hakikisha stemu inalingana.

Ukiibadilisha mwenyewe, fuata mpangilio. Bolti ya juu, ile iliyosimama katikati ya kifuniko, haishiki usukani. Kazi yake ni kubana beringi. Kwa hiyo legeza za ubavuni kwanza, halafu ya juu. Kurudisha, anza na ya juu: ikaze kidogo kidogo, bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye maungio ya fremu na usukani. Ukisikia kidole kinagongwa, bado imelegea. Usukani ukigeuka kwa uzito, umekaza mno. Ikitulia, nyoosha stemu iwe sawa na gurudumu, ndipo ukaze za ubavuni, kwa zamu. Zile nne za mbele zikaze kwa msalaba, nafasi ya juu na ya chini zilingane. Mara nyingi nguvu inayotakiwa ni nyutoni mita 5, huwa imeandikwa pale pale kwenye stemu. Kama huna spana ya kupimia, njoo uazime hapa, si kitu cha kubahatisha. Tena angalia zile ringi nyembamba: zikiwa juu ya stemu, zihamishie chini yake, usukani unapanda bila kununua kitu.

Badilisha kitu kimoja, nyonga safari mbili, andika kwenye daftari. Najua utasikia kwamba Eddy Merckx, bingwa wa zamani wa Ubelgiji, alikuwa akigeuzageuza kiti hata katikati ya mashindano. Ni kweli. Lakini Merckx aliumia nyonga na mgongo alipoanguka Blois, Ufaransa, mwaka 1969, akawa anatafuta nafuu ambayo mwili wake haukumpa tena. Wewe nyonga yako ni nzima. Na ganzi ikiendelea wiki mbili baada ya kurekebisha kiti, nenda kwa daktari. Sindano unazoshika ni za watu.

Fundi, habari za kazi. Kijana wangu ana miaka 14, sentimita 157, amependa sana mbio za baiskeli. Nimepata resi ya mtumba kutoka Ulaya, saizi 56, bei ikawa nzuri. Nilijua atakua. Lakini breki hazifikii vizuri na akisimama bomba linamgusa. Stemu fupi itatosha?
*Baba, Mwanza*

Njema, ndugu yangu. Haitatosha, na nakuomba umwambie hivyo mapema kabla hajashuka nayo mteremko wa Bugando.

Nakuelewa. Mama yangu alikuwa fundi cherehani Moshi, futi kamba shingoni toka asubuhi hadi usiku. Januari wazazi walipanga foleni kwake na sare za shule, na wote walisema: mama, acha nafasi, mtoto anakua. Naye aliacha. Pindo la sketi aliliacha inchi tatu, likafunguliwa mwaka hadi mwaka. Ila mabega hakuyazidisha kamwe. Alisema pindo hushushwa, bega likipwaya halina dawa, mtoto atavaa gunia. Fremu ni bega. Kiti na stemu ndiyo pindo.

Mtoto wa kimo hicho anahitaji fremu ya 48, au 50 kwa kubana. Juu ya hiyo ana nafasi ya kukua: kiti kitapanda sentimita 6 au 7, stemu itatoka milimita 80 kwenda 110, na hiyo ni miaka mitatu au minne. Juu ya 56 hana nafasi hata ya kusimama. Mikono yake imenyooka mpaka mwisho, na mkono ulionyooka haukwepi shimo. Stemu ukiifupisha mno usukani unakuwa mwepesi wa kugeuka ghafla, na bomba la juu litabaki pale pale lilipo.

Kwa siku hizi chache kabla hujaibadilisha, tafuta skrubu ndogo kwenye kila kishikio cha breki. Zipo kwenye nyingi, zinasogeza kishikio karibu na vidole. Kaza mpaka kijana akifikie kwa kiungo cha kwanza cha kidole, si kwa ncha. Halafu fanya jaribio moja ambalo nataka kila anayenunua mtumba alifanye: nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe, bana mkono wa kulia. Baiskeli nyingi zilizotoka Ulaya bara zina breki ya mbele mkono wa kushoto, za Uingereza na Japani mkono wa kulia. Mtoto aliyezoea moja, akipewa nyingine bila kuambiwa, siku ya hatari atabana ya mbele akidhani ni ya nyuma. Mafundi hubadilisha nyaya hizo kwa saa moja.

Iuze hiyo 56. Wapo watu wazima wa sentimita 178 hapo Mwanza wanaitafuta.

Mwalimu wa sekondari, Moshi, mwanamke, miaka 41. Sijui niandikeje. Baada ya dakika 40 siwezi kukaa. Nimenunua kiti kinene chenye jeli, imekuwa mbaya zaidi. Wenzangu wa kiume kwenye kundi wanasema ni kawaida kwa wanawake. Tena naona haya kuvaa zile kaptura za kubana.

Umeandika vizuri, mwalimu, na si kawaida kwa mtu yeyote. Ganzi au kuchubuka sehemu hiyo ni alama kwamba mfupa haujakaa mahali pake, nyama ndiyo inayobeba.

Chini ya makalio una mifupa miwili ya kukalia. Kiti kinatakiwa kiishike hiyo, basi. Kata kipande cha boksi gumu lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya stuli ngumu, kaa, inama mbele kidogo kama unashika usukani, nyanyua visigino, hesabu hadi 30. Ukiinuka utaona mabonde mawili. Yatie alama katikati yake, pima umbali. Ongeza sentimita 2 hadi 3, huo ndio upana wa kiti chako. Tuseme umepata sentimita 12.5, kiti cha milimita 130, kinachofungwa kwenye resi nyingi, hakiwezi kukutosha, unahitaji 150 au 155. Wanawake wengi huwa na mifupa iliyoachana zaidi, ingawa wapo wanaume waliokuja hapa wakapima upana huo huo.

Jeli inadanganya vidole dukani. Ukikaa juu yake dakika 10 mifupa inazama, jeli inahamia katikati na kupanda pale pale usipotaka. Chagua kiti kigumu kiasi, chenye mfereji au tundu katikati. Kiweke sawa kwa pima maji kama nilivyomweleza muuguzi, na pima upya urefu wake kutoka kwenye krenki, kwa sababu kiti kipya mara nyingi kinakuwa kirefu au kifupi kuliko cha zamani kwa milimita 10 na zaidi.

Kuhusu mavazi: kaptura yenye sponji inavaliwa bila chupi. Mishono ya chupi ndiyo inayochubua, na hakuna aliyekwambia kwa sababu hakuna anayesema. Juu yake vaa chochote kinachokupa amani: suruali pana, sketi fupi juu ya suruali, alimradi kisinase kwenye cheni. Muhimu ni kilicho kati yako na kiti. Ukirudi nyumbani ivue mara moja, oga, ifue siku hiyo hiyo. Kidonda kikitokea, pumzika mpaka kipone. Na hao wenzako waoneshe ukurasa huu.

Fundi, nimesoma kwamba Pogačar, yule bingwa wa baiskeli wa Slovenia, anatumia krenki fupi za milimita 165. Mimi ni sentimita 160 na baiskeli yangu mpya imekuja na 172.5. Nibadilishe?
*Msomaji, Nakuru*

Ndiyo, lakini si kwa sababu yake. Tadej Pogačar ana sentimita 176, alihamia 165 mwaka 2024, na Kigali alishinda. Wewe una sababu kubwa kumshinda: kwa kimo chako, krenki ya 172.5 inainua goti juu mno kila mzunguko na nyonga inajikunja, hasa ukiinama kushika sehemu ya chini ya usukani. Nenda 165 moja kwa moja, usinunue 170 kwa kuogopa. Mlimani utajikuta unataka gia nyepesi zaidi mwanzoni, ni sawa, ishushe.

Krenki zikipungua milimita 7.5, kiti kinapanda milimita 7.5, maana pedali ya chini imesogea karibu. Wengi husahau hapo, wakarudi kunung'unikia krenki. Na unapohamisha pedali, ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuzungusha spana kama unayekaza bolti ya kawaida. Pakaa grisi kwenye nyuzi zote mbili, anza kwa vidole mpaka ziingie mizunguko mitatu minne bila kukwama, ndipo ushike spana.